Askari wadudu wa miaka ya 1980: Army Ants, Battle Beasts au Sectaurs?

Hizi ni aina tatu za vichezeo vya plastiki vya miaka ya 1980, na swali ni mkusanyaji aanze na ipi. Jibu la haraka kwa asiye na muda: mwenye rafu moja na bajeti ya kubana aanze na Army Ants. Anayependa kujua kwa hakika kwamba amemaliza mkusanyo achukue Battle Beasts, maana hao wana namba. Anayemtaka mdudu hasa, wa kuvaliwa mkononi na kuchezesha miguu, hana pa kumkwepea Sectaurs, ila aandae sindano, uzi na subira ya fundi saa.

Jibu refu linaanza na umri. Kampuni ya vichezeo ya Coleco walileta Sectaurs madukani Marekani mwaka 1985. Wenzao wa Hasbro wakafuata mwaka 1987 na Army Ants, na mwaka huohuo wakawa wanauza Battle Beasts, ambao asili yao ni Takara wa Japani. Kule waliitwa BeastFormers. Kwa hiyo kila utakachokinunua leo kina karibu miaka 40, kimechezewa na watoto wasiojua kwamba siku moja mtu mzima atakihesabia vidole, kisha kikakaa darini kwenye joto la kiangazi na baridi ya theluji. Tofauti kubwa ya aina hizi tatu ipo kwenye kilichopotea na kilichooza. Sura kila mtu ana yake anayoipenda. Silaha iliyopotea ni hasara kwa wote.

| | Army Ants | Battle Beasts | Sectaurs |
|---|---|---|---|
| Kampuni | Hasbro | Hasbro na Takara | Coleco |
| Mwaka, Marekani | 1987 | 1987 | 1985 |
| Kimo | wa kuenea kiganjani | takriban sm 5 | takriban sm 18, bila mdudu wake |
| Pande | bluu na chungwa | moto, mti, maji | Shining Realm na Dark Domain |
| Kinachokosekana | wenzake wa kikosi | silaha | silaha, ngao, mikanda |
| Kinachoharibika | rangi ya plastiki | alama ya kifuani | glavu, chumba cha betri |
| Kazi ya ukarabati | ndogo | ndogo, lakini ya tahadhari | kubwa |

Army Ants

Kwa Kiswahili hawa ni siafu tu. Hasbro walichukua jina lake la Kiingereza, ambalo ndani yake kuna neno "jeshi" (army), wakaligeuza utani: kama mdudu anaitwa hivyo kwa kuwa anatembea kama jeshi, basi mpe bunduki na cheo. Majenerali wao wakaitwa Patant na Mc-Anther, na aliyewahi kusoma habari za Vita Kuu ya Pili atawaona majenerali wa Marekani, Patton na MacArthur, wamejificha humo. (Siafu wa kweli, wale wanaohamisha kuku bandani usiku, askari wao wote ni majike na hawaoni. Hasbro hawakujali.)

Sifa yao kubwa kwa mkusanyaji mpya ni kwamba upande wa askari unauona kwa macho. Bluu ni bluu, chungwa ni chungwa. Ukipewa fungu la askari kumi na watano waliochanganywa na vijigari na wanasesere wa plastiki, unatenga majeshi kwa dakika mbili bila kitabu. Ugumu unakuja hatua inayofuata: waliuzwa kwa vikosi, na kikosi kimoja kina kazi yake. Hapo rangi haikusaidii tena. Njia isiyokosea ni kutafuta picha ya pakiti ambayo haijafunguliwa, kuikuza, na kulinganisha kila askari na kila kifaa kimoja kimoja. Usilinganishe na fungu la muuzaji mwingine, kwa sababu naye huenda alichanganya, na kosa lake litakuwa lako.

Anza na jeshi moja. Wauzaji hupenda kuchanganya rangi ili fungu lionekane limejaa, na ukinunua pande zote mbili kwa pamoja utajikuta na nusu ya hiki na nusu ya kile, huna kikosi hata kimoja kilichotimia. Jeshi moja likikaribia kukamilika, wale wa rangi nyingine waliobaki mkononi ni mtaji wa kubadilishana.

Kagua kupauka kwa rangi. Plastiki ya chungwa ikikaa dirishani hupauka upande mmoja. Mwombe muuzaji picha mbili: mgongo, na chini ya nyayo. Chini ya nyayo mwanga haufiki, kwa hiyo rangi pale ndiyo ya kiwandani. Zikitofautiana, askari huyo kapigwa jua, na hakuna sabuni ya kumrudisha. Picha zote mbili zipigwe mahali pamoja, mchana, bila fleshi. Taa ya njano ya chumbani huwafanya hata waliopauka waonekane wazima.

Kwa sehemu nyembamba zilizopinda, kama plastiki ni laini, maji ya moto yanatosha. Yawe ya nyuzi 60 hadi 70, yaani yameacha kuchemka muda kidogo. Zamisha sehemu iliyopinda tu kwa sekunde 20 hadi 30, inyooshe taratibu kwa vidole, kisha iingize moja kwa moja kwenye maji yenye barafu na uishikilie hapo kwa dakika nzima. Ukiiachia kabla haijapoa hurudi ilivyokuwa. Plastiki ngumu usiijaribu hivyo. Dalili ya plastiki ngumu ni mstari mweupe pale ilipopindishwa: huo ni mwanzo wa ufa, na ukiusukuma utabaki na vipande viwili.

Kasoro ya Army Ants ni kwamba uhai wao dukani ulikuwa mfupi. Wanaouza ni wachache kuliko wa Battle Beasts, na mwenye kikosi kizima hujua alichonacho. Wewe nunua mafungu machafu yaliyopigwa picha vibaya. Mafungu hayo mara nyingi hayana hata jina. Tafuta kwa maneno ya kawaida kama "siafu wa plastiki" kwa Kiingereza, pamoja na rangi, badala ya jina la biashara peke yake.

Battle Beasts

Tukubaliane kwanza: hawa wengi wao si wadudu. Ni simba, tai, tembo, papa na kadhalika, waliovalishwa deraya. Wamo humu kwa sababu ndio wanaoshindania pesa ya mtu yuleyule, na kwa sababu kila anayetafuta askari wadogo wa Hasbro wa 1987 hukutana nao kabla hajakutana na siafu. Isitoshe, mdudu yupo: vituo vyao vya usafiri, vyenye umbo la mnyama, vilikuwa vitatu, Blazing Eagle wa moto, Shocking Shark wa maji na Wood Beetle wa mti. Huyo wa mwisho ni mbawakawa anayebeba askari, na mpenzi wa wadudu anaweza kumnunua peke yake bila kujali simba wala tembo.

Kinachowapendeza watu ni mchezo ulioko kifuani. Kila askari ana kibandiko kidogo cheusi. Ukikisugua kwa kidole, joto linafunua alama ya moto, mti au maji. Moto huunguza mti, mti huyashinda maji, maji huzima moto. Dukani hukujua umenunua wa alama gani mpaka usugue. Ilikuwapo pia alama ya nne, ya jua, iliyotolewa kwa uchache na kushinda zote.

Kuhesabu ni rahisi. Awamu tatu za kwanza ni namba 1 hadi 76: 28 za kwanza, kisha 24, kisha 24. Baadaye wakaja wengine 36, namba 77 hadi 112, ambao kifuani hawana kibandiko bali gololi ya kuchungulia ndani ili uone alama. Hao wa mwisho ni adimu sana kwenye soko la Marekani, na si pa kuanzia. Sema mapema kwamba lengo lako ni 76, ulifunge hapo. Kwa sababu askari yuleyule aliweza kutoka na alama tofauti, mtu akianza kutaka kila askari katika kila alama, hesabu ya karatasini ni 76 mara tatu, yaani 228. Wengi walioacha kukusanya waliachia kwenye hesabu hiyo.

Sasa kibandiko chenyewe, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea.

Rangi inayobadilika kwa joto huchoka. Jua huiua, maji yakipenya pembeni huiua, na kusuguliwa kwa nguvu kila siku kwa miaka miwili na mtoto wa miaka saba huimaliza. Kibandiko kilichokufa huwa na sura tatu: kinabaki cheusi hata ukikipasha joto, au kimekwama wazi hata kikipoa, au kimechubuka pembe hadi unaona plastiki. Picha ya kawaida haikuonyeshi lolote kati ya haya. Omba video ya sekunde 15: kabla ya kusugua, wakati wa kusugua, na baada ya kupoa. Muuzaji akikataa, hesabu kwamba kimekufa na utoe bei kulingana na hilo.

Kama unakaa Pwani, ukimpokea askari mchana wa Februari huko Tanga au Mombasa usiogope ukikuta alama tayari iko wazi. Huenda joto la chumba peke yake limeifunua. Mtie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, toa hewa, ufunge, mweke kwenye friji (si friza) kwa dakika kumi, mtazame kupitia mfuko. Alama ikifichika, kibandiko ni kizima. Usiufungue mfuko mpaka urudi kwenye joto la chumba, vinginevyo unyevu wa hewa utatonea juu ya kibandiko, na unyevu ndio adui wake.

Yako pia mabandiko ya kisasa ya kuigiza, yanayouzwa kwa ajili ya kuokoa askari waliokufa kifua. Si dhambi kuyatumia. Dhambi ni kuuza bila kusema. Kibandiko kipya hung'aa kuliko mwili unaokizunguka, kingo zake zimekatwa safi mno, na mara nyingine hakijai vizuri kwenye kibonde chake.

Silaha nayo. Kila askari ana silaha ya umbo lake, na mkono una tundu dogo la kuishikia. Silaha ya mwenzake huweza kuingia palepale, ndiyo maana wauzaji hukuletea "kamili" ambayo si kamili. Linganisha kwa picha ya askari huyo huyo, namba hiyo hiyo. Kisha angalia tundu la mkono kwa kioo cha kukuzia: likiwa na weupe pembeni, kuna mtu alilazimisha silaha isiyo yake na mkono uko njiani kupasuka. Silaha zilizochapwa kwa printa za kisasa zinatambulika kwa mistari myembamba ya tabaka, kama ngazi, unapoigeuza kwenye mwanga wa pembeni. Ya kiwandani ina mshono mmoja mahali kalibu mbili zilipokutana, na kovu dogo pale ilipokatwa kutoka kwenye fremu yake.

Usichanganye hawa na Beast Saga, kizazi cha baadaye kutoka Takara Tomy, chenye dadu kifuani. Wazuri, lakini si wa miaka ya 1980.

Sectaurs

Hapa wadudu wanakuwa wakubwa. Hadithi yao ni ya sayari ya Symbion, ambako majaribio yaliharibika na watu wakachanganyika na wadudu. Shujaa ni Prince Dargon wa Shining Realm. Upande wa pili ni Dark Domain, na jemadari wake General Spidrax. Kila mpiganaji ana mdudu aliyefungamana naye kiakili, na dukani waliuzwa pamoja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kununua: Sectaur bila mdudu wake ni nusu ya kitu.

Wapo wa aina mbili. Kundi dogo ni mpiganaji na mdudu mdogo wa kusimama karibu yake: Zak na Bitaur, Mantor na Raplor, Skito na Toxcid, Commander Waspax na Wingid. Kundi kubwa ni mpiganaji na mdudu wa kupandwa: Dargon na Dragonflyer, Spidrax na Spiderflyer, Pinsor na Battle Beetle, Skulk na Trancula. Wadudu hao wakubwa ni vikaragosi vya mkono. Unaingiza mkono kwenye glavu iliyo tumboni mwa mdudu, na vidole vyako vinakuwa miguu yake. Ukitembeza vidole juu ya meza, mdudu anatambaa na askari mgongoni. Hakuna kingine katika ulinganisho huu kinachoweza kufanya hivyo, na mtu akishaona mara moja, hoja zote za rafu na bajeti hupungua nguvu.

Lakini hiyo glavu ndiyo ugonjwa wao. Kitambaa cha miaka 40 huchanika kwenye maungio ya vidole na pale kinapokutana na mwili wa plastiki. Kuchanika kwenye kidole kunatengenezeka: geuza glavu ndani nje kama inaruhusu, tumia uzi wa poliesta wa rangi ya karibu, shona kwa hatua za milimita 2, anza sentimita moja kabla ya tundu na umalizie sentimita moja baada yake, kwa sababu kitambaa cha jirani nacho kimeshachoka. Kuchanika kwenye mwili wa plastiki ni kazi nyingine. Gundi ya papo kwa papo usiiguse. Hukauka ngumu, na ukikunja kidole mara ya pili inakata kitambaa kama wembe. Tumia gundi ya nguo inayobaki laini, ubane kwa vibanio vya nguo usiku kucha. Kabla ya kununua omba picha ya glavu ikiwa na mkono ndani yake. Glavu tupu huficha matundu.

Dragonflyer na Spiderflyer wana mabawa yanayopigwa na mota ya betri. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hali ya chumba cha betri. Mabawa yaulizie baadaye. Betri ya alkali ikivuja huacha unga mweupe kwenye vyuma. Kijiti cha pamba chenye siki nyeupe kidogo kinayeyusha unga huo. Utaona kikitoa povu. Futa, rudia, kisha safisha kwa spiriti ya isopropili na uache kikauke saa kadhaa kabla ya kuweka betri. Vyuma vikiwa vimeshakuwa vya kijani na vyembamba kama karatasi, badilisha. Mota ikinguruma na mabawa yasisogee, zima mara moja: grisi ya zamani imeganda au gia imepasuka, na ukiendelea kuiacha inguruma utaunguza mota pia. Usiyasukume mabawa kwa mkono "kuyasaidia".

Toxcid ana kasoro ya peke yake. Anarusha maji, kwa hiyo ndani yake kuna mahali ambapo maji yalikaa. Mnuse. Harufu ya ukungu maana yake mtoto wa 1986 alimuacha na maji kwenye kabati. Suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, mara tatu, na umsimamishe tundu likiwa chini mpaka akauke.

Halafu usafiri, ambao watu hawaupigii hesabu mpaka mzigo umeshafika ghala la wakala. Kampuni za ndege hutoza uzito wa ujazo pale unapozidi uzito wa mizani: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, unapata kilo. Boksi la Sectaur mkubwa la sm 40 × 35 × 25 linatoa 35,000, ukigawa ni kilo 7, hata kama kwenye mizani ni kilo moja na nusu. Boksi la siafu thelathini la sm 20 × 15 × 8 ni 2,400, yaani chini ya nusu kilo. Uliza wakala anagawa kwa 5,000 au 6,000, maana tofauti yake kwenye boksi hilo kubwa inazidi kilo moja. Na mwambie muuzaji asitumie boksi kubwa "kwa usalama". Kwa kitu chenye boksi lake la asili, sm 3 za vifungashio kila upande zinatosha. Bila boksi la asili, mdudu avingirishwe peke yake na mpiganaji peke yake. Wakisafiri wameshikana, mabawa ndiyo yanayolipa.

Vitu vinavyowahusu wote

Usafishaji ni mmoja: maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, kitambaa kisichoacha nyuzi. Jik hapana. Thina hapana. Petroli hapana. Asetoni hapana kabisa. Huyeyusha plastiki mbele ya macho yako. Battle Beasts wasizamishwe. Wasafishwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, ukikizunguka kibandiko. Mdudu wa Sectaurs mwenye betri naye hafuliwi, hata kama glavu inanuka.

Kuna watu watakushauri kung'arisha plastiki iliyokuwa ya njano kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Kwenye kompyuta za zamani za plastiki nyeupe hufanya kazi. Kwa askari waliopakwa rangi, jua lile lile linakupaushia rangi, na kilichong'aa mara nyingi hurudi kuwa cha njano baadaye.

Plastiki laini ikinata, tatizo linatoka ndani: kilainishi kinahama kutoka kwenye plastiki na kupanda juu ya uso. Osha kwa sabuni, kausha, pitisha pamba yenye spiriti kidogo mahali pasipo na rangi, kisha pakaa poda ya mtoto kidogo. Itarudi baada ya miezi. Hilo ni tiba ya kupunguza. Muhimu zaidi, usiache kitu laini kinachonata kikae kimegusana na plastiki ngumu. Kilainishi kile kile huyeyusha plastiki ngumu na kuacha kovu lenye umbo la kilichokuwa juu yake. Kwa hiyo usitupie siafu, silaha na wanyama wote kwenye kopo moja la kahawa, hata kama linapendeza.

Mifuko ya kuhifadhia iwe ya polithini au polipropilini. Ile mifuko mizito ya vinyili yenye harufu ya pazia la bafuni ina kilainishi chake, na itakiongeza kwa askari wako. Unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 55. Kipimo cha unyevu ni kidogo na si cha gharama. Ukanda wa Pwani bila AC hauwezi kufika hapo, basi tumia kontena lenye mfuniko wa mpira na silika jeli inayobadilika rangi, uikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kila inapobadilika. Glavu za Sectaurs ndizo za kwanza kushika ukungu, zikae juu, si chini ya rafu.

Bei usiangalie anayoomba muuzaji. Angalia zilizouzwa, kwa miezi mitatu iliyopita, na utoe zile zilizofungwa kwenye pakiti zao, kwa sababu hizo ni soko jingine kabisa. Kwa Battle Beasts tenganisha makundi mawili: mwenye silaha sahihi na kibandiko hai, na asiyekuwa navyo. Ukichanganya, wastani wako hautakuwa na maana. Kwa Army Ants, hesabu bei kwa kila askari kwenye fungu, kisha ongeza kidogo tu ikiwa kikosi kimetimia. Kwa Sectaurs, toa kwenye bei gharama ya glavu mpya au ushonaji kabla ya kuomba punguzo, siyo baada.

Mtu mwenye nafasi ya kununua mara moja tu kwa mwaka, kupitia ndugu anayerudi kutoka Marekani au Uingereza, asihangaike na Sectaurs wakubwa. Sanduku la ndugu halina nafasi ya Dragonflyer, na atakayembeba atamkunja mabawa ili aingize viatu. Mwambie akuletee Army Ants wamefungwa kwenye soksi safi, rangi moja kwa soksi moja, silaha na vifaa kwenye kijimfuko chao cha zipu chenye orodha ndani yake. Vikifika, mwaga kila soksi juu ya taulo jeupe kabla ya kupanga chochote, uhesabu kwa orodha, na uikung'ute soksi mara mbili kabla hujaitupa kwenye nguo za kufua, kwa sababu kifaa cha siafu hung'ang'ania kwenye nyuzi na mashine ya kufulia haikirudishi.